Unataka kusomea ualimu wa viziwi? Weka haya sawa kabla hujajaza fomu

Kila yakitoka matangazo ya ajira za walimu na watu wakaona elimu maalumu imetajwa, simu zinaanza. "Mwalimu nisaidie, na mimi nikasomee uziwi nipate ajira fasta." Sawa, kutafuta ajira sio dhambi. Ila kama sababu yako ni hiyo tu niambie mapema nisimalize bando langu bure. Wengine twende.

Makaratasi. Majina yafanane kwenye vyeti vyote, cha kuzaliwa, cha form four, cha ualimu. Kama tayari uko kazini hakikisha barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri iko mkononi kabla hujafunga begi, maana "we nenda tu, tutaongea" ya mwalimu mkuu sio ruhusa, ukiondoka nayo hiyo utaitwa mtoro na mshahara utasimama, na hapo hakuna wa kukutetea.

Chuo. Kinachojulikana zaidi ni Patandi, kile cha serikali pale Tengeru, Arusha, ambako unachagua eneo lako, uziwi au uoni au ulemavu wa akili. Wa digrii wapo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), wapo AMUCTA, chuo cha Askofu Mkuu Mihayo kule Tabora. Sifa za kujiunga soma kwenye tangazo la mwaka huo huo, achana na za dada yako aliyesoma enzi zile. Kama unaenda Arusha beba sweta, mwezi wa sita na wa saba kule hakuna mchezo hasa kama umetokea Tanga.

Halafu uliza maswali mawili ambayo waombaji wengi hawaulizi: lugha ya alama inafundishwa na nani, kiziwi mwenyewe au mtu anayesikia aliyekariri chati ya ukutani? Na mazoezi ya kufundisha mnaenda shule gani? Ukijibiwa juu juu, ujue hiyo kazi utaifanya mwenyewe mtaani.

Hapa sasa ndipo naomba usiruke mistari.

Kuna mwalimu mwenzetu, simtaji wala shule yake siitaji, chuoni alikuwa kinara. Ukimuuliza sikio la ndani anakuchorea lote bila kufungua kitabu. Akapangiwa kitengo cha viziwi ndani ya shule ya msingi ya kawaida, darasa moja, mtoto wa miaka 7 na wa miaka 14 wamekaa benchi moja. Akaanza kazi kwa moyo kabisa, anatamka sentensi ya Kiswahili na kila neno analiwekea alama yake, hadi "ya" na "kwa" anazitaja kwa herufi za vidole. Akimaliza anauliza mmeelewa? Vichwa vyote juu chini, juu chini. Madaftari sasa, mwandiko kama umechapwa, wamenakili ubao wote pamoja na tarehe na lile jedwali la mahudhurio pale pembeni. Mthibiti ubora akapita, akasifia.

Ukaja mtihani wa muhula. Juma ana maembe 12, amempa Asha 5, amebakiwa na mangapi? Mmoja kajibu "Juma ana maembe 12." Mwingine kajibu "Asha 5." Wengi wao wamenakili swali zima kwenye nafasi ya jibu, kwa mwandiko ule ule mzuri. Na hawa watoto ukiwaandikia 12 - 5 wanakupa 7 bila kupepesa! Mwalimu wa watu alilia ofisini. Na kibaya zaidi wenzake wakaanza kusema hao watoto ni wazito, wana ulemavu wa akili, ikabaki kidogo tu waandikiwe barua za kuhamishwa.

Aliyewaokoa ni fundi cherehani, kiziwi, ana kibanda karibu na geti la shule ndio anawashonea watoto sare. Aliitwa darasani akapewa swali lile lile. Akamweka Juma hewani upande wa kulia, Asha kushoto. Maembe 12 akayapanga kwa Juma, halafu ile alama ya kumpa akaianzia kwa Juma ikatua kwa Asha, na tano juu. Akarudi kuangalia upande wa Juma, nyusi zikapanda. Hakuna "ya," hakuna "kwa." Mikono ya darasa zima ikapanda na saba zao, mpaka wale wadogo.

Unaona tatizo lilikuwa wapi? Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, inatumia nafasi na macho na uso, nyusi peke yake inaweza kugeuza sentensi ikawa swali. Ukichukua Kiswahili ukakipachika alama neno kwa neno unapata kitu ambacho anakielewa anayejua Kiswahili tayari, na mtoto wa darasa la pili hakijui, atakijulia wapi? Wengi wao wamezaliwa na wazazi wanaosikia, nyumbani hakuna anayejua alama, wanafika shuleni na miaka saba au tisa hawana lugha yoyote kamili zaidi ya kuonyeshea kidole sufuria na kisima. Na kuitikia kwa kichwa wamejifunza zamani, ndio njia ya kuwafanya watu wazima waache kuwasumbua. Kwa hiyo "mmeelewa?" ifute kabisa. Mwambie mtoto akueleze yeye umesema nini.

Kwa hiyo kabla ya fomu tafuta viziwi watu wazima. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kina matawi mikoani, kuna makanisa yana ibada zenye mkalimani, na mtaani kwako hakosi fundi viatu au kinyozi ambaye ni kiziwi. Kaa nao, wakucheke, uzoee. Jina la alama, yaani ile ishara watakayokuitia, usijipe, subiri wakupe wao, na likitokana na hilo pengo lako la meno usinune. Ukienda shuleni pia usitegemee alama ulizobeba zifanane na za pale, shule ya viziwi ya Tabora ilianza 1963, ya Buguruni Dar 1974, ya Mwanga Kilimanjaro 1981, kila bweni limekuza alama zake, wewe ndio unajifunza za watoto kwanza.

Kuhusu kusoma midomo, mawazo ya kuwalazimisha watoto wasome midomo ni ya siku nyingi, kwenye mkutano wa Milan, Italia, 1880 walimu wanaosikia walipiga kura kabisa alama zitolewe madarasani. Nenda kwenye kioo sasa hivi useme bila sauti baba, mama, papa. Umeona tofauti? Basi na mtoto hajaiona. Midomo inasaidia kidogo, hasa kwa mwenye usikivu hafifu, ila usiongee ukiwa umeupa ubao uso, usisimame dirisha likiwa mgongoni kwako maana uso unakuwa mweusi tii, na viti vipangwe nusu duara.

Shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, jifunze kulishika kwa mikono yako. Likipiga filimbi mara nyingi kile kipande cha ndani ya sikio kimeshakuwa kidogo, mtoto amekua. Betri zake ukishabandua ile stika zinaanza kuisha hata usipozitumia, kwa hiyo usibandue pakiti nzima kwa wema. Na lisikudanganye, linakuza sauti, halimfanyi mtoto asikie kama wewe. Kuna na kifaa kingine cha usikivu kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji (cochlear implant), Muhimbili wanakipandikiza tangu 2017, mzazi akikuuliza mpeleke kwa daktari, usimpe ushauri wa kujibunia.

Mengine madogo madogo. Neno bubu liache huko huko ulikolikuta. Bweni la wasichana likiwa na tatizo watoto watakwambia wewe kwanza kwa sababu ndiye anayewaelewa, sasa jua mapema ripoti inapelekwa wapi. Polisi watakuita utafsiri, hospitali watakuita, siku nyingine mahakamani, na mwalimu sio mkalimani, usipoelewa alama sema hujaelewa, waite kiziwi mzoefu na mkalimani, usijaze mapengo kwa kukisia, kuna mtu anaweza kufungwa kwa kukisia kwako. Na ukipangiwa kituo uko peke yako na watoto wote hao, andika barua kwa afisa elimu mapema, weka kopi, ya simu haihesabiki.