Jinsi ya kuchora gari la spoti kali: uzuri na hewa viende pamoja

Wengi wakianza kuchora gari la spoti wanamaliza bodi nzima kwanza, mistari imekaa, mabega ya nyuma yamejaa, picha inapendeza kabisa, halafu ndo wanauliza sasa bawa tuliweke wapi. Hapo umeshachelewa. Gari inayovutia macho na bado inashika barabara ikiwa 250 km/h ni ile ambayo hewa ilikuwepo kwenye mchoro tangu mwanzo, na kwangu njia inayofanya kazi ni hii: kazi nzito ya hewa ipeleke chini ya gari ambako hakuna anayeangalia, huku juu zibaki kazi chache lakini za kweli.

Kabla ya kushika penseli amua spidi. Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa spidi, yaani ukitoka 200 kwenda 300 km/h unaongezeka mara 2.25, na nguvu ya injini ya kuushinda inaongezeka karibu mara 3.4. Mkandamizo nao, ile nguvu ya hewa inayoisukuma gari chini, unafuata mraba huo huo. Kwa hiyo gari ya spidi kubwa kwenye barabara iliyonyooka na gari ya kona za sakiti, yaani uwanja wa mbio, ni michoro miwili. Bugatti Veyron ya 2005 ilitaka vyote, na angalia ilivyobidi: kwenye hali ya kawaida inaishia kama 375, ili ifike 407 dereva anatumia funguo maalum, gari inashuka na bawa la nyuma linazama. Sehemu zinazohama zinakuachia bodi safi gari ikiwa imepaki, ila zinakuja na mota na uzito na kitu kingine cha kuharibika, mi naziweka pale tu umbo lenyewe limeshindwa.

Sasa chini. Funika sakafu iwe tambarare kutoka mbele hadi nyuma, mwishoni inyanyuke taratibu iwe difyuza, yaani njia ya hewa ya chini kutokea nyuma, anza na mwinuko wa nyuzi (digrii) 7 hadi 10 hivi kisha upime. Ukiwa na tamaa ukainyanyua kwa ghafla hewa inaachana na sakafu na mkandamizo unapotea, hata kama kwa nyuma inaonekana kali sana. Mbunifu wa magari Gordon Murray kwenye gari yake ya GMA T.50 aliweka feni ya milimita 400 nyuma inayovuta hewa ya chini ili difyuza iweze kuwa na mwinuko mkali bila hewa kuachana nayo, na ndo maana bodi ya juu ya ile gari imetulia hivyo, haina bawa kubwa. Ila sakafu ina hatari yake, pua ikinyanyuka hewa inaingia chini na kuibeba gari nzima. Kwenye mbio za Le Mans 1999 magari ya Mercedes CLR yaliruka, dereva Mark Webber mara mbili kabla ya mbio na mwenzake Peter Dumbreck kwenye mbio zenyewe, na bodi zao zilikuwa na pua na mkia mrefu sana nje ya matairi. Kwa hiyo ukichora pua ndefu kwa sababu inapendeza, jua umeongeza mkono wa kuinyanyulia gari.

Mbele tatizo ni rejeta. Injini kubwa inataka hewa nyingi, na mtu wa stailo anataka uso mdogo uliofungwa. Usianze na tundu la kuingilia, anza na la kutokea, maana hewa isipopata njia ya kutoka inajaa chini ya boneti na kuinyanyua pua. Porsche 911 GT3 RS ya 2022 walitoa buti la mbele wakaweka rejeta moja kubwa pale katikati, hewa ya moto inatokea juu ya boneti, na wanatangaza mkandamizo wa kilo 409 kwenye 200 na kilo 860 kwenye 285. Kuna waliosema imezidi kuwa gari ya mbio. Mimi naona ni nzuri kwa sababu kila tundu unaweza kulifuata mwanzo hadi mwisho. McLaren 720S nayo walificha njia za hewa kwenye matundu ya taa na ndani ya milango, na zile taa ndo zikawa sura ya gari. Hiyo ndo akili ninayoipenda, kazi ya hewa inageuka kuwa mchoro wenyewe.

Nyuma ndo ugomvi mkubwa ulipo. Macho yanapenda mkia wa mviringo unaoshuka polepole, lakini hewa ikipita juu ya mviringo ule inaufuata kushuka na kuivuta gari juu, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi. Audi TT ya kwanza ilitoka na mkia safi wa namna hiyo, baada ya ajali za spidi kubwa Audi wakaziita zirudi wakaongeza spoila ndogo na mfumo wa kudhibiti utelezi. Spoila ile haikuiua sura, na ingekuwemo tangu mwanzo ingekaa vizuri zaidi. Kwa hiyo chora ukingo mkali mwishoni, hewa ijue inaachana na bodi wapi. 911 Carrera RS 2.7 ya 1973 ilifanya hivyo kwa mkia mmoja mfupi uliopinda juu, leo ndo kitu cha kwanza watu wanachokitambua kwenye ile gari. Aston Martin DB11 wakapita njia nyingine, hewa inaingia pembeni kwenye nguzo za nyuma ya dirisha, inapita ndani ya bodi na kutokea juu ya buti, mtu anaona mstari msafi tu.

Ukiongeza nyuma, ongeza na mbele. Bawa kubwa nyuma peke yake linafanya pua iwe nyepesi na gari inakataa kukata kona ukiwa spidi. Kitovu cha mkandamizo, yaani pale nguvu yake yote inapoangukia, kikae nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, kidogo tu.

Matundu ya uongo, yale ya plastiki nyeusi yaliyozibwa, yaache kabisa. Yanaharibu mtiririko na yanamdanganya aliyelipa pesa yake.

Kupima si lazima uwe na handaki la upepo. Programu za kuiga hewa kwenye kompyuta zitakuonyesha picha ya jumla, na kama gari ipo bandika nyuzi fupi za sufi kwenye bodi, mwenzako aendeshe gari nyingine pembeni arekodi video, mfanyie kwenye sakiti iliyofungwa. Nyuzi zikilala zimenyooka hewa imeshika, zikicheza ovyo au kugeuka mbele hewa imeachana na bodi pale. Anza na kioo cha dirisha la nyuma na juu ya buti, badilisha kitu kimoja, rudia kwa spidi ile ile.