SOMO: Kuzuia barua taka kwenye Postfix kwa orodha nyeusi (soma hatua ya 3 mara mbili)

Wakuu, swali hili nimelijibu inboksi hadi nimechoka, naliweka hapa mara moja.

Seva ngeni ikibisha hodi, Postfix (programu ya seva ya barua pepe) inaigeuza IP yake kinyumenyume, inaibandika mbele ya jina la orodha nyeusi ya IP (RBL), mfano ZEN ya Spamhaus, na kuuliza DNS. 192.0.2.10 inakuwa 10.2.0.192.zen.spamhaus.org. Likija jibu, imeorodheshwa, lisipokuja, inapita.

1. Nakili main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, pembeni.

2. Kwenye smtpd_recipient_restrictions fuata mpangilio huu: permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, reject_unauth_destination, ndipo reject_rbl_client.

3. Hapa tulieni. Mara ya kwanza niliandika reject_rbl_client zen.spamhaus.org nikaishia hapo, na seva yangu ilikuwa inauliza kupitia 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google. Spamhaus hawatoi huduma ya bure kwa maulizo yanayopitia DNS za umma, wanarudisha 127.255.255.254, yaani umepitia njia isiyoruhusiwa. Postfix haijui hayo. Usipoibana, anwani yoyote inayorudi inaihesabu "imeorodheshwa". Usiku kucha kila barua ilirudishwa na 554, na 554 ni kukataa moja kwa moja, mtumaji hajaribu tena. Asubuhi logi nzima ilikuwa mstari uleule. Kuna watu hawakunitumia barua zao tena.

Kwa hiyo sakinisha Unbound (programu ya DNS) kwenye seva yenyewe, bila kuelekeza maulizo kwa DNS nyingine, na resolv.conf isomeke nameserver 127.0.0.1. Kisha andika hivi, pamoja na mabano, ili Postfix ihesabu majibu ya 127.0.0.2 hadi 127.0.0.11 tu:

reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]

Pima kabla ya kuwasha:

dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org

Lazima ilete majibu kama 127.0.0.2 na 127.0.0.4. Ukiona 127.255 popote, USIENDELEE. Rudia kwa 1.0.0.127, hiyo isilete kitu.

4. Tanguliza warn_if_reject mbele ya reject_rbl_client kwa siku kadhaa, iandike onyo tu bila kukataa, usome logi ingekataa nani.

5. postfix reload. Ukiridhika na logi, ondoa warn_if_reject, reload tena.

MASWALI

— Mkuu, nimefuata yote lakini kila barua inakataliwa.
Hatua ya 3. Weka majibu ya dig hapa.

— Hiyo ya dig niliiruka, nina haraka.
Ndiyo iliyokukwamisha. Ipime kwanza, ndipo tuongee.

— Wafanyakazi wetu wakiwa nyumbani wanakataliwa, na kompyuta zao hazina virusi.
Ni PBL, iliyomo ndani ya ZEN. Hiyo inataja IP zisizopaswa kutuma moja kwa moja kwenye seva za watu, nyingi zikiwa za majumbani. Haisemi mtu ni mhalifu. Watumie poti 587 na nywila. Bado wakikataliwa, permit_sasl_authenticated yako iko chini ya mstari wa RBL.

— Kaka, kwa nini tusiweke orodha kumi kabisa?
Swali zuri sana. Orodha hufa, na ikifa inaweza kukuumiza. ORDB ilifungwa Desemba 2006, lakini seva nyingi ziliendelea kuiuliza. Machi 2008 ikaanza kujibu kwamba kila IP imeorodheshwa. Walioisahau kwenye konfigi wakakataa barua zote. SORBS nayo ilifungwa 2024, kaguani kama mnayo. Ukitaka zaidi ya moja, tumia postscreen, sehemu ya Postfix inayotoa pointi kwa kila orodha: zen*2, bl.spamcop.net*1, postscreen_dnsbl_threshold = 2. Hapo SpamCop peke yake haimzuii mtu. Ile =127.0.0.[2..11] ya zen ibaki hata huko.

— Mteja wetu mmoja ameorodheshwa na barua zake tunazihitaji leo. Naweza kumpitisha yeye tu?
Ndiyo, kwa check_client_access yenye IP yake na OK, juu ya mstari wa RBL lakini chini ya reject_unauth_destination. Ukiipandisha juu zaidi, kwenye Postfix za kabla ya 2.10 umempa ruhusa ya kutuma popote duniani kupitia kwako. Na mwambie aombe kuondolewa kwenye orodha, kwa sababu hata wengine wanamkataa.