"Mtandao Umegoma": Namna ya Kujua Ni Itifaki Ipi Iliyonyamaza

Simu nyingi ninazopokea hapa Mtwara huanza hivi: "Fundi, mtandao umegoma." Ukikimbilia kuzima na kuwasha ruta, hata ukipona hutajua umeponya nini. Ndani ya mtandao kuna itifaki kadhaa, yaani kanuni ambazo vifaa huzifuata ili vielewane, kila moja na kazi yake, na moja ikinyamaza zinazoitegemea hukwama. Zihoji kwa mpangilio, kuanzia chini.

Hatua ya 1: Waya
Angalia taa ya poti (tundu la waya) kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta kwa waya. Haiwaki? Ishia hapo kwanza. Karibu na bahari, hewa ya chumvi hula vichwa vya waya.

Hatua ya 2: DHCP
Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike ipconfig /all. DHCP ndiyo inayogawa anuani za IP, namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Kompyuta hupiga hodi kwa mtandao mzima ikitafuta mgawaji, mgawaji huipendekezea anuani, kompyuta huiomba anuani ile, mgawaji huithibitisha. Jumbe hizo nne hupita kwa UDP, njia ya kutuma ujumbe bila kusubiri uthibitisho, poti 67 upande wa mgawaji (seva ya DHCP) na 68 upande wa kompyuta. Poti hizi si matundu ya waya bali ni namba za milango ya huduma ndani ya kifaa. Ukiona anuani inayoanza na 169.254, ujue hodi haikuitikiwa, kompyuta ikajipangia yenyewe. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew.

Lakini kuwa na anuani hakutoshi. Msimu mmoja wa korosho niliitwa kwenye ghala moja upande wa Masasi. Kompyuta tatu zilikuwa na intaneti, mbili hazina, na zote zilikuwa na anuani, nami nikaamini DHCP ni nzima. Asubuhi yote nikakagua waya huku wakulima wamekaa juu ya magunia wakisubiri makarani. Nilipozilinganisha ndipo nikaona: nzima zilianza na 192.168.1, mbovu na 192.168.0. Mtu alileta ruta ya nyumbani ili aongeze waifai, akaichomeka kwenye swichi kwa poti ya LAN, ile ya mtandao wa ndani. Wagawaji wakawa wawili, na kompyuta ikamfuata aliyewahi kujibu. Tangu siku ile, kwenye majibu ya ipconfig /all, nasoma mstari unaotaja seva ya DHCP kabla ya kugusa kitu kingine. Nakuomba nawe ufanye hivyo.

Hatua ya 3: ICMP
Hii ndiyo itifaki inayotumiwa na ping, amri inayoita kifaa ili uone kama kitaitika. Ipigie ping ruta yako, mfano ping 192.168.1.1, halafu ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ruta ikijibu na ya pili isijibu, tatizo liko kwenye ruta yenyewe au kwa mtoa huduma. Kumbuka vifaa vingine vimezuiwa kujibu ping, kwa hiyo ukimya peke yake si ushahidi.

Hatua ya 4: DNS
8.8.8.8 inajibu ila tovuti hazifunguki? Mshuku DNS, anayegeuza majina kuwa anuani kupitia poti 53. Andika nslookup na jina la tovuti. Jibu likikosekana, jaribu seva nyingine ya DNS. Likiwa la zamani, ipconfig /flushdns hufuta kumbukumbu iliyomo kwenye kompyuta.

Hatua ya 5: Huduma yenyewe
Hapa kila huduma ina poti yake juu ya TCP, itifaki inayohakikisha data imefika: kurasa za tovuti kwa HTTP 80, au kwa HTTPS 443 zikiwa zimefichwa kwa usalama, kutuma barua pepe kwa SMTP 587, kuzisoma kwa IMAP 993. Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, Test-NetConnection ikifuatiwa na jina la seva na -Port 993 itakuambia kama mlango uko wazi.

Iwapo poti 443 iko wazi na bado kivinjari kinalalamikia cheti (kitambulisho cha kidijitali) cha kila tovuti, tazama saa ya kompyuta. HTTPS hupima tarehe za cheti kwa saa hiyo, na betri ndogo ya kwenye ubao mama ikifa, umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka. Irekebishe, na betri uibadilishe siku hiyohiyo, maana umeme ukikatika tena utapigiwa simu ileile.