SOMO: Kubadilisha ndege Schiphol (Amsterdam), kwa mnaotoka kwetu (Dar, Nairobi, Entebbe)

Wakuu habari zenu. Kila mwezi napata meseji tatu nne za kitu kilekile, "nashukia Amsterdam nabadilisha ndege, nifanyeje", na wengine wanauliza wakiwa tayari wamekaa Dar wanasubiri kupanda. Naandika mara moja, akiuliza mtu tena namtumia hii.

Kwanza uuelewe uwanja. Schiphol ni jengo moja, sio kama Heathrow au Paris ambako unaweza kupandishwa basi au treni kwenda jengo lingine. Kuna kumbi za kuondokea 1, 2 na 3, na humo yanatoka matawi yenye herufi B, C, D, E, F, G, H na M, mageti yako huko. Kinachogawa watu ni ukaguzi wa pasipoti. Upande mmoja ni Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na hazikaguani pasipoti zenyewe kwa zenyewe), mageti ya B, C, M na sehemu ya D, upande wa pili ni sisi tunaotoka nje na kwenda nje, yaani E, F, G, H na sehemu iliyobaki ya D. Ukiushika huo mpaka kichwani, mengine mepesi.

Hatua ya 1. Kutua. Ukitua njia inayoitwa Polderbaan, ile ya mbali iliyofunguliwa 2003, ndege itatembea chini robo saa hivi na utaona magari ya barabara kuu yanapita chini yako. Tulia kwenye kiti.

Hatua ya 2. Fuata mabango ya njano.

Hatua ya 3. Kwenye skrini tafuta namba ya ndege yako, sio jina la mji tu, maana mji mmoja unaweza kuwa na ndege kadhaa kwa siku.

Hatua ya 4. BEGI NA TIKETI. Hapa naomba msome polepole. Safari yangu ya kwanza nilinunua tiketi mbili mbalimbali kwa sababu ilikuwa nafuu, moja Dar mpaka Amsterdam, nyingine Amsterdam mpaka Toronto. Kaunta wakanibandikia ile stika ndogo ya begi, imeandikwa AMS, yaani Amsterdam, kwa herufi kubwa kabisa, na mimi sikuisoma. Nimetua, begi linazunguka kwenye mkanda, mkanda uko upande wa pili wa ukaguzi wa pasipoti, na viza ya Schengen sina, ninayo ya Kanada tu. Nilisimama kaunta ya transfa masaa matatu nikijieleza, ndege ya Toronto ikaondoka, nikanunua nyingine kwa hela ya ada ya chuo. Begi lilinifikia baada ya siku sita, na humo ndimo vilimokuwa vyeti vyangu vyote na vitenge alivyonifungia mama. Mpaka leo nikipewa stika naisoma mara mbili.

Kwa hiyo: nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Pale unapoanzia uliza "begi hili nalichukulia wapi?", halafu hakikisha stika ina herufi za mwisho wa safari, mfano YYZ kwa Toronto. ANGALIENI na hili, ukipita viwanja viwili vya Schengen, mfano Dar–Amsterdam–Paris–Montreal, ile ya Amsterdam–Paris inahesabiwa kama safari ya ndani, unaingia Schengen kabisa, bila viza yao hata huku nyumbani hupandi. Na ndugu wenye pasipoti za Kongo (DRC) na Somalia, nyie mnatakiwa viza ya transiti hata kama hutoki nje ya uwanja, ila kuna misamaha, mfano mwenye viza hai ya Marekani au Kanada. Ulizeni ubalozi wa Uholanzi KABLA ya kulipa.

Hatua ya 5. Ukaguzi wa mkoba. Unarudiwa hata kama ulikaguliwa Dar. Maji, mafuta, losheni, chochote kinachozidi mililita 100 kinabaki hapo.

Hatua ya 6. Nenda getini mapema. Schiphol hawaiti watu kwenye spika ovyo, ni uwanja wa kimya, usikae unasubiri kusikia jina lako.

MASWALI

Dogo_Tandale: Mkuu nina viza ya Marekani, nina masaa matano pale, naweza kutoka nikazunguka mjini?

Hapana. Viza ya Marekani haikuingizi Uholanzi.

Dogo_Tandale: Na tiketi mbili zina shida gani kwani?

Hatua ya 4.

Msafiri255: Acha kutisha watu, mimi nilibadilisha ndege hapo mwaka jana na hakuna aliyenikagua.

Ulitokea wapi? Kama ulitokea Marekani ni sawa, wanaotoka kule hawarudiwi ukaguzi. Mimi nimeandikia watu wa Dar, Nairobi na Entebbe, nimesema juu kabisa.

Msafiri255: Nilitokea Washington, ndio.

Basi.

Bint_Pemba: Samahani kaka, tiketi imeandika 13:10, hiyo ni saa ngapi zetu? Naogopa kuachwa.

Hujakosea kuuliza dada, hapo wengi wanapotea. Saa zote za kwenye tiketi ni za mahali penyewe, kwa hiyo 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana ya Amsterdam. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba wako nyuma yetu saa moja, miezi iliyobaki saa mbili. Simu ikishika mtandao inajirekebisha, saa ya mkononi irekebishe mwenyewe ukiwa bado ndani ya ndege.

Mwalimu_Jo: Eti uwanja uko chini ya usawa wa bahari, ni kweli?

Kweli kabisa mwalimu, mita tatu na kidogo chini. Pale palikuwa ziwa, Haarlemmermeer, wakalikausha kwa pampu kubwa za mvuke, kazi ikaisha 1852. Pampu moja, Cruquius, sasa ni makumbusho. Ndege za kwanza, za jeshi, zilitua 1916 kwenye tope la hilo ziwa. Ukikaa dirishani wakati wa kutua angalia mitaro ya maji iliyonyooka mashambani, ndiyo inayopafanya pakavu mpaka leo.

Mwalimu_Jo: Aisee. Nitaomba kiti cha dirishani.

Mama_Naima: Nyongeza kwa wenye watoto, beba chupa tupu, ukishapita ukaguzi kuna mabomba ya maji ya kunywa, bure. Na wenye viza ya Schengen treni iko chini ya uwanja, mjini kama robo saa, unagonga kadi ya benki kuingia, na UGONGE TENA kutoka.

Asante mama, hilo la kugonga tena nilikuwa nimelisahau.

Bint_Pemba: Na achari ya maembe ya shangazi yangu Toronto je?

Begi kubwa dada, kopo lifunge na plastiki mara mbili. Na stika isome YYZ.