Kabla ya kuingia makumbusho ya Berlin: mambo ya kuzingatia

Anza na yaliyofungwa. Wageni wengi wanaopanga safari ya Berlin huweka Pergamonmuseum juu kabisa ya orodha, kwa ajili ya madhabahu yake ya Kigiriki na Lango la Ishtar lililotoka Babeli. Jengo hilo lote lilifungwa kwa ukarabati Oktoba 2023. Upande wa kaskazini, wenye madhabahu, umepangiwa kufunguliwa 2027. Upande wa kusini, lilipo lango, umepangiwa 2037. Kuna pia habari ya kuingia bure Jumapili ya kwanza ya mwezi: utaratibu huo ulianza 2021 ukasitishwa mwisho wa 2024, lakini ushauri wa zamani bado unasambazwa. Usikate tiketi yoyote kabla ya kusoma tovuti ya jumba lenyewe wiki hiyo hiyo unayosafiri.

Halafu tazama siku. Makumbusho ya Museumsinsel, yaani kisiwa cha makumbusho katikati ya mji, hufungwa Jumatatu, na Humboldt Forum, jumba la maonyesho lililo ng'ambo ya barabara, hufungwa Jumanne. Mwenye siku hizo mbili tu aanze na Humboldt Forum Jumatatu, kisha majumba ya kisiwani yanayofunguliwa Jumanne. Walio chini ya umri wa miaka 18 huingia bure katika makumbusho ya taifa ya Berlin, kwa hiyo beba pasipoti za watoto. Kwa mtu mzima anayekusudia kuingia majumba mengi, kuna pasi ya siku tatu mfululizo inayofungua milango ya majumba kama thelathini. Lakini piga hesabu kwanza. Ukiingia majumba mawili kwa siku ukatazama kwa makini, umefanya kazi ya kutosha, na la tatu utalipita miguu ikiuma bila kuona kitu.

Suala la visa ni la kuanza mapema. Wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo wanahitaji visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000.

Sasa nije kwenye maandalizi ninayoyaona makubwa kuliko yote, nayo ni kusoma kabla ya kuondoka nyumbani. Katika Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na miamba, amesimama yule mjusi wa Tendaguru anayezungumzwa mara kwa mara bungeni Dodoma. Kimo chake kinapita mita 13, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani iliyo mirefu kuliko hiyo. Ilichimbwa mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913, ikafungwa kwenye mizigo na kubebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini. Mifupa yote iliyosafirishwa kutoka Tendaguru ilizidi tani 200. Vita vya Maji Maji, vya kuupinga utawala wa Wajerumani, vilikuwa vimekwisha 1907 katika kusini ile ile, na njaa iliyofuata ilikuwa imeua watu wengi. Mamia ya vibarua waliochimba walitoka katika maisha hayo. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi wa kuchimbua na kuhifadhi mifupa, lakini sifa za kisayansi zilikwenda kwa Werner Janensch na wenzake waliotoka Berlin. Ukiingia bila kujua haya utaona mnyama mkubwa, utapiga picha, utatoka. Ukiyajua, utasoma kila kibao ukiuliza ni nani ametajwa na ni nani hakutajwa. Mnyama mwenyewe siku hizi anaitwa Giraffatitan brancai. Vitabu vya zamani humwita Brachiosaurus. Treni ya U6 ina kituo chenye jina la makumbusho hayo, Naturkundemuseum.

Humboldt Forum inahitaji pia moyo ulioandaliwa. Humo mna maonyesho ya Ethnologisches Museum, makumbusho ya tamaduni za watu wa dunia, ambayo mikusanyo yake ina vitu vingi vilivyotoka Deutsch-Ostafrika, yaani Tanzania bara, Rwanda na Burundi za enzi ya Wajerumani. Vingine vilinunuliwa, vingine vilikuwa ngawira ya vita. Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa waliyotendewa watu wakati wa Maji Maji. Mwaka huo huo taasisi inayomiliki makumbusho ya taifa ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewatambua jamaa walio hai nchini Tanzania wa baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin. Mafuvu hayo hayaonyeshwi kwa wageni, na ni haki yasionyeshwe. Kama unakwenda na wazee au vijana, ongeeni juu ya hayo mkiwa bado nyumbani, kwa sababu wengine hushtuka wakikutana nayo ghafla ndani ya ukumbi.

Kwa upande wa michoro, nafasi ya kwanza naipa Gemäldegalerie, karibu na Potsdamer Platz, yenye kazi za wachoraji wa zamani Rembrandt na Caravaggio, na mbili za Vermeer. Sanaa ya sasa nenda Hamburger Bahnhof, iliyokuwa stesheni ya treni. East Side Gallery, kipande cha Ukuta wa Berlin chenye urefu wa zaidi ya kilomita moja kilichochorwa 1990, kiko wazi barabarani na hakina malipo.

Mlangoni, mabegi ya mgongoni na mkoba wowote mkubwa kuliko karatasi ya A4 huachwa kwenye makabati. Makabati mengi hudai sarafu ya euro moja au mbili, ambayo unarudishiwa. Weka chache mfukoni, maana kadi ya benki haisaidii hapo. Picha bila mwanga wa kamera kwa kawaida zinaruhusiwa, ila katika chumba cha sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, ndani ya Neues Museum kule kisiwani, ni marufuku kabisa. Tiketi ya karatasi ya treni igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida na faini ni euro 60.

La mwisho lifanye ungali nyumbani. Makumbusho ya taifa ya Berlin yana hifadhidata ya bure mtandaoni, na sehemu kubwa ya vitu vya Afrika haipo ukumbini bali katika maghala ya Dahlem, mtaa wa Berlin. Tafuta jina la kwenu, ila kwa tahajia ya Kijerumani cha zamani: Bagamoyo jaribu Bagamojo, Moshi jaribu Moschi, Wachagga jaribu Dschagga, Kilimanjaro jaribu Kilimandscharo, Rwanda jaribu Ruanda. Ukikuta ngoma, kiti au mkuki unaotaka kuuona kwa macho, nakili namba yake ya kumbukumbu na uwaandikie miezi kadhaa kabla, ukieleza wewe ni nani na kwa nini unaomba. Kufika tu dirishani siku ya safari hakutakufungulia ghala.