Unataka kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya spoti ya kwanza hapa Dar? Soma hii kabla hujamtumia dalali hela

Kila nikikaa kijiweni lazima aje mtu aniulize, kaka nimeona Raptor 700, ile kwadi kubwa ya Yamaha, mahali inauzwa, nimejichanga kidogo, nichukue? Na mimi namuuliza, umewahi kuendesha kwadi? Akisema niliwahi kukodi nusu saa Zanzibar basi namwambia kaa kwanza tuongee, maana hela ya kununua unayo lakini hela ya kununua halafu kuuza kwa hasara sidhani kama umeipangia.

Kwanza tuelewane, kwadi zipo za kazi na zipo za spoti. Za kazi zina keria mbele na nyuma, nyingi ni foo wili na otomatiki ya mkanda, unaweka gia unaondoka. Za spoti hazina keria, zinavuta tairi za nyuma tu kwa cheni kama bodaboda, nyingi zina klachi ya mkono na gia za mguu, shokapu ndefu, na zimetengenezwa uendeshe ukiwa umesimama nusu nusu huku mwili unacheza kulia na kushoto. Kama shida yako ni kubeba madumu shambani Mkuranga chukua ya kazi, huku kwenye spoti utajitesa bure.

Sasa injini. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kati ya cc 250 na 400, basi. Raptor 700 injini yake ni cc 686, silinda moja, mashine nzima ina uzito wa kilo kama 190 hivi, na nguvu yake inakuja injini ikiwa bado inazunguka taratibu, hujamaliza kubonyeza imeshaondoka. Halafu kumbuka mafuta kwenye kwadi unabonyeza kwa dole gumba, huzungushi mkono kama kwenye Boxer, hapa ndio watu wengi wanapoumia: ukipita shimo mwili unarushwa nyuma, mikono inang'ang'ania hendeli, dole gumba linabonyeza bila wewe kutaka na mashine inazidi kukimbia. Kwenye cc 250 hiyo ni kicheko, kwenye 700 ni mkorosho unakuja usoni.

Na kuna hili la mchanga wetu. Ukienda kule Kimbiji au njia za ndani za Kigamboni mchanga ni laini, tairi la nyuma likichimba linakaa hadi ekseli, sasa ile ndogo wewe na mwenzako mnainua mkia mnaisogeza pembeni maisha yanaendelea, hiyo kubwa mtaita kijiji kizima na kijiji hakifanyi kazi bure. Mimi nachagua kwadi kwa swali moja tu, ikinizimikia kilomita kumi kutoka lami, saa kumi na moja jioni, nitaitoaje? Jibu la hilo swali ndio linakuambia cc, linakuambia uzito, linakuambia hadi spea.

Mashine ambazo ukizipata kwa mtu aliyezitunza usizikimbie: Honda TRX400EX, ilianza 1999, inapozwa na hewa, haina rejeta ya maji wala mambo mengi, fundi yeyote wa pikipiki anayejielewa ataifungua. Ya kabla ya 2005 haina rivasi, angalia hilo. Suzuki LT-Z400 ya kuanzia 2003 ina nguvu zaidi na inapozwa na maji, nzuri sana, ila rejeta yake ikijaa tope la Pugu itachemka ukiwa bado unacheka na wenzako. Yamaha Raptor 250 kwa mtu mfupi au mwepesi ni tamu mno. YFZ450R, nayo ya Yamaha, najua mnaipenda, hata mimi naipenda, lakini ile imetengenezwa kwa mashindano, haina rivasi kabisa na upana wake ni sentimita kama 124, wakati Raptor 700 ni kama 117. Unaona tofauti ndogo? Nenda kapite katikati ya miti na mashina kule Kisarawe ndio utajua sentimita saba ni nini, halafu ukikwama mbele hakuna rivasi, unashuka unaivuta kwa nyuma kwa mikono kama mkokoteni. Yule atakayekuletea ya tu-stroki kama Banshee mwambie asante, hiyo ni ya mtu anayejua kuchanganya oili na petroli na kurekebisha kabureta mwenyewe.

Za Kichina, najua mnasubiri nizitukane. Sizitukani. Kwa hela ndogo unapata kitu kinachotembea, na injini zake nyingi zimefanana na za pikipiki za kawaida kwa hiyo plagi, kabureta na waya za klachi utahangaika Kariakoo siku moja utapata. Zinachoka kwenye vyuma: bushi, boljointi, welding ya mikono ya mbele, yaani vyuma vinavyoshika tairi za mbele. Ukichukua, siku ya kwanza kaza kila nati, kila nati nasema, halafu baada ya safari ya kwanza kaza tena.

Ukifika kuiona, panda. Simama kwenye futresti, magoti yakunje kidogo, halafu kata hendeli kushoto mpaka mwisho, je dole gumba la kulia bado linafika kwenye mafuta vizuri? Kata kulia, vidole vya kushoto vinafika kwenye klachi? Kama unajinyoosha hiyo sio saizi yako hata iwe ya bei ya kutupa. Kwa wanaotaka kumnunulia mtoto, watengenezaji wenyewe wanasema kwadi za saizi ya watu wazima ni kuanzia miaka 16, msijifanye mnajua kuliko waliotengeneza.

Mtumba sasa, hapa ndio nilipopigwa mimi. Yangu ya kwanza niliiona uani kwa mtu, inang'aa, plastiki mpya, stika mpya, ikaguswa stata mara moja tu ikanguruma. Nikazunguka nayo hapo hapo kwenye mchanga dakika tano nikalipa. Kumbe mchanga unaficha. Nilipoipandisha kwenye barabara ngumu nyuma inacheza kiuno kama iko kwenye ngoma. Nikaipeleka Gerezani, fundi hata hakuuliza maswali, akainyanyua nyuma juu ya gogo, akaweka gia ya kwanza injini ikawa inazunguka taratibu, akachukua bisibisi akaishikilia karibu na rimu bila kuigusa. Tairi likizunguka rimu inaigonga, tik, halafu inaachana nayo upana wa kidole, halafu tik tena. Akaniangalia akasema, "Bosi, ekseli imepinda hii, umeuziwa mashine iliyorushwa." Ile bisibisi siku hizi natembea nayo.

Kwa hiyo ukienda kuangalia, fika mapema kuliko saa mliyokubaliana, na kitu cha kwanza weka mkono karibu na injini, kama ina joto jiulize kwa nini wameiwasha kabla yako, maana shida ya kuwaka inaonekana injini ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi au sili za valvu zimekwisha, moshi mweusi ni petroli nyingi, hiyo ni ndogo. Chungulia oili, ikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia, ondoka. Shika tairi la mbele juu na chini litikise kwa nguvu, likicheza ni beringi au boljointi. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama msumeno ujue unanunua cheni na sproketi zote mbili. Halafu lala chini, ndiyo lala, chafuka, angalia chasisi pale mikono ya mbele inaposhika, rangi mpya sehemu moja tu ina sababu yake. Fungua eya klina pia, ukikuta mchanga upande wa ndani basi injini imekuwa ikila mchanga, bei ishuke au uage.

Namba ya chasisi ilingane na karatasi, na karatasi za ushuru wa TRA uzione kwa macho, sio "zipo kwa shemeji Tegeta". Zikiwa kwa shemeji na hela yako ibaki kwa shemeji.

Tenga hela ya helmeti inayofunika kidevu, miwani ya vumbi, buti na glovu kabla hujatenga ya kwadi, hili silijadili. Na hesabu kirikuu cha kuibeba, pima upana wa bodi kabisa usije kukutana na YFZ haiingii.

Tairi za kwadi za spoti zinatembea na upepo mdogo mno, psi 4 au 5 hivi, ukimwachia fundi pancha wa mtaani anajaza 25 kama bajaji na mashine inaanza kudunda kama mpira. Nunua geji ya upepo mdogo. Na mahali pa kuendesha tuheshimu, msitu wa Pugu Kazimzumbwi ni hifadhi, tumia barabara za vumbi za vijijini na uombe ruhusa, na fukwe za kusini ya Kigamboni kasa wanataga, usipite juu ya mchanga mkavu wa kule juu. Masika usijaribu vilima vya Pugu, kule kuna udongo wa kaolini, ukilowa ni sabuni.

Mwisho kabisa chumvi. Ukitoka pwani osha kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, cheni uipake oili, na maji ya presha usiyaelekeze kwenye beringi. Mimi huwa nanunua ndoo tatu za maji kwa mama mmoja pale pale Kimbiji naosha kabla kirikuu hakijafika, maana nikisema nitaosha nyumbani, nikishavuka daraja nikakutana na foleni, nafika nimechoka nalala, na asubuhi cheni imeshakuwa rangi ya mdalasini.