Eli ya dhahabu ya Kiingereza: usiiue kwa baridi

Eli (aina ya bia, kwa Kiingereza ale) chungu ya rangi ya dhahabu, kama Summer Lightning ya kiwanda cha Hop Back yenye kilevi cha asilimia 5, haitaki baridi ya bia ya laga. Ikiwa nyuzi 4, ulimi unakufa ganzi na utaambulia gesi tu. Itoe kwenye friji nusu saa kabla, ifike nyuzi 10 hadi 12.

Soma lebo. Kama bia imeivia ndani ya chupa, chini kuna hamira hai. Isimamishe wima usiku kucha, inamisha glasi, kisha mimina kwa mkupuo mmoja bila kusita. Ukiinua chupa na kuirudisha wima katikati, mashapo yanatibuka. Bakiza kama sentimita moja ya mwisho. Haidhuru, ila ina ladha ya unga mbichi uliochachuka.

Nusa mapema, povu likiwa bado limesimama. Tafuta ganda la chungwa, maua, nyasi mbichi, na nyuma yake kimea chenye utamu wa biskuti. Ikinuka kicheche, mwanga umeshaivunja hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, jambo la kawaida kwa chupa zisizo na rangi zilizokaa rafu ya dirishani. Chupa ya kahawia hukinga vizuri zaidi. Harufu ya karatasi iliyolowa ni ya bia iliyozeeka.

Halafu meza. Kutema kama waonja mvinyo hakufai hapa: uchungu wa hopsi hupanda polepole, na hapo ndipo utajua kama ni mkavu na safi au unakwaruza koo.